Victoria Jamieson: Mchoraji Aliyekiingiza Kisa cha Dadaab Katika Vitabu vya Watoto

Victoria Jamieson ni mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto kutoka Marekani. Ametunga vitabu vya picha kwa watoto wadogo na riwaya za katuni kwa wasomaji wa umri wa kati ya miaka minane na kumi na mitatu hivi. Viwili kati ya vitabu vyake vinasomwa mno shuleni na katika maktaba za nchi hiyo. Cha kwanza, Roller Girl cha mwaka 2015, kinahusu msichana wa mjini Portland. Cha pili, When Stars Are Scattered cha mwaka 2020, alichoandika pamoja na Omar Mohamed, kinahusu ndugu wawili Wasomali waliolelewa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kaunti ya Garissa.

Hicho cha pili ndicho kinachompa msomaji wa Kenya sababu ya kumfahamu mwandishi huyu. Mamia ya taarifa, ripoti na hotuba kuhusu Dadaab zimeandikwa tangu kambi hiyo ianzishwe, na karibu zote zinawahusu watu wazima na takwimu zao. Ni nadra kukuta maandishi ambayo mtoto wa kambini ndiye anayesimulia, huku mtoto mwenzake wa nchi nyingine akiwa ndiye anayesimuliwa. Kuona jinsi Jamieson alivyokifikia kitabu cha aina hiyo kunahitaji kuifuata kazi yake tangu mwanzo, kwa kuwa mwanzo wenyewe haukuelekea huko hata kidogo.

Mafunzo na kazi ya awali

Jamieson alisomea uchoraji wa vielelezo katika chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, mashariki mwa Marekani. Baada ya masomo alifanya kazi ya usanifu wa vitabu vya watoto. Kazi hiyo haijulikani sana kwa wasomaji, ijapokuwa sura ya kitabu hutegemea sana mikono ya msanifu. Yeye ndiye huchagua aina na ukubwa wa herufi, huamua maneno yakae wapi ili yasiifunike picha, na hupanga kila sehemu ya hadithi iangukie ukurasa gani. Kitabu cha picha cha kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa inayotoka kwenye mtambo hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa nane au kumi na sita. Mtunzi hawezi kuongeza ukurasa wa 33 kwa kuwa tu hadithi yake imerefuka. Msanifu mzuri hujua pia kwamba kufunua ukurasa ni tukio, na kwamba jambo la kushtua au la kuchekesha hufaa kusubiri upande wa pili wa karatasi.

Uzoefu huo unaonekana katika vitabu vyake mwenyewe. Bea Rocks the Flock, kilichotoka mwaka 2009, kinamhusu kondoo anayeliacha kundi lake na kwenda New York. Olympig! kilitoka mwaka 2012, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya London. Mhusika wake ni nguruwe aitwaye Boomer, anayeingia katika mashindano ya wanyama akiwa na hakika ya ushindi, kisha akashindwa mchezo baada ya mchezo. Ni kitabu chepesi chenye kuchekesha, na si lazima kukipa uzito usio wake. Hata hivyo, mtoto anayeshindwa mbele ya watu, akalazimika kuamua la kufanya kesho yake, atarudi tena na tena katika kazi za Jamieson, na mara nyingine hatakuwa mnyama.

Riwaya ya katuni ni nini

Katika nchi zetu katuni ina historia ndefu, ingawa zaidi imekaa magazetini. Wasomaji wa Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi. Tanzania ilikuwa na Kingo wa James Gayo. Kuanzia mwaka 2010 jarida la Shujaaz liliwafikia vijana wa Kenya kwa hadithi za picha zilizoandikwa kwa Sheng. Riwaya ya katuni ni ndugu wa kazi hizo, ila ni kitabu kizima chenye jalada lake, mara nyingi cha kurasa zaidi ya 200, chenye mwanzo, mgogoro na mwisho kama riwaya nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba masimulizi yake hugawanywa baina ya maneno na visanduku vya picha vilivyopangwa kwa mfuatano.

Wazazi na walimu wengi, huku kwetu na ng'ambo pia, wamekuwa wakiichukulia katuni kuwa kitu cha kumpotezea mtoto muda. Shaka hiyo haikosi msingi, kwa kuwa katuni duni zipo tele. Lakini ukurasa wa katuni iliyotungwa vyema humtaka msomaji afanye kazi mbili kwa pamoja. Husoma kiputo cha maneno, na papo hapo hutazama uso wa msemaji apate kujua kama anasema kweli. Baina ya kisanduku na kisanduku kuna mwanya mweupe, na yaliyotokea ndani ya mwanya huo hukamilishwa na akili ya msomaji mwenyewe. Mtoto asiyekuwa mwepesi wa kusoma hupata pa kushikilia, na mtoto aliye mwepesi hupata cha kurudia.

Mchango wa Jamieson uanzie hapo. Alipoingia katika uwanja huu, wachapishaji wa Marekani walikuwa wameanza kuona kwamba wasichana wa umri wa miaka kumi na kidogo walikuwa na kiu ya hadithi za katuni zinazohusu maisha yao wenyewe, yaani shule, familia, urafiki na aibu, badala ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Raina Telgemeier alikuwa amekwisha kuonyesha njia kwa kitabu chake Smile cha mwaka 2010, kinachosimulia jinsi alivyoumia meno akiwa msichana. Jamieson aliifuata njia hiyo akiwa na viatu vya magurudumu.

Roller Girl

Baada ya kuacha usanifu wa vitabu, Jamieson alihamia Portland, jimbo la Oregon. Huko alijiunga na Rose City Rollers, chama cha wanawake wanaoshindana kwa viatu vya magurudumu. Mchezo wenyewe unahitaji maelezo. Timu mbili za wachezaji watano watano hukimbia katika duara refu. Kila timu ina mchezaji mmoja anayepata alama kwa kuwapita wapinzani, na wengine wanne humzuia wa upande wa pili kwa miili yao, kwa mabega na nyonga. Watu huanguka sana. Ni desturi ya mchezo huo kila mchezaji kujitafutia jina la kimchezo lenye utani na vitisho kidogo, na Jamieson alijiita Winnie the Pow, kwa kulichezea jina la dubu mashuhuri wa vitabu vya Kiingereza.

Mhusika mkuu wa Roller Girl, Astrid, ana miaka 12. Mama yake anampeleka kutazama mchezo huo pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni, Nicole, na Astrid anaupenda pale pale. Anajiandikisha katika kambi ya mafunzo ya likizo akidhani kwamba Nicole atajiandikisha pia. Nicole anachagua kambi ya dansi ya baleti. Hadithi yote inatokana na pengo hilo. Astrid si mchezaji hodari. Anaanguka siku ya kwanza, anaanguka wiki ya pili, na anamdanganya mama yake kuhusu jambo ambalo lingemalizwa kwa kusema ukweli.

Kinachokitofautisha kitabu hiki na hadithi nyingi za michezo ni kwamba mwandishi hakumpa mhusika wake ushindi wa dakika ya mwisho. Astrid anapata nafuu, si ubingwa. Urafiki wake na Nicole nao haurudi kama ulivyokuwa, na wala hakuna anayelaumiwa sana kwa hilo. Mtoto anayesoma anaachiwa akubali kwamba watu wawili wanaopendana wanaweza kuchukua njia mbili. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huo ni ujasiri katika kitabu cha msomaji wa miaka kumi.

Mwezi Januari 2016 Roller Girl kilipewa heshima ya Newbery. Tuzo ya Newbery hutolewa na chama cha maktaba cha Marekani tangu mwaka 1922, nayo imepewa jina la John Newbery, muuza vitabu wa Uingereza wa karne ya 18. Kila mwaka kitabu kimoja hupewa medali, na vingine vichache hupewa heshima. Tuzo hiyo hutazama maandishi zaidi ya picha, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa katuni haina nafasi humo. Mwaka mmoja kabla ya Jamieson, El Deafo cha Cece Bell, kisa cha msichana asiyesikia, kilikuwa kimeufungua mlango. Roller Girl kilithibitisha kwamba mlango haukufunguliwa kwa bahati. Mwaka 2020 medali yenyewe ilikwenda kwa riwaya ya katuni kwa mara ya kwanza, New Kid ya Jerry Craft.

Baada ya hapo Jamieson alitoa vitabu kadhaa kwa mfululizo. The Great Pet Escape cha mwaka 2016 na The Great Art Caper cha mwaka 2017 ni vya kuchekesha, kuhusu wanyama wafugwao darasani wanaofanya vituko pasipo wanafunzi kujua. Chenye uzito zaidi ni All's Faire in Middle School, cha mwaka 2017 pia. Msichana aitwaye Imogene amefunzwa nyumbani maisha yake yote na wazazi wanaofanya kazi katika tamasha linaloigiza maisha ya Ulaya ya kale. Anapoingia shule ya kawaida kwa mara ya kwanza anagundua kwamba hana nguo zinazofaa, hajui akae meza gani wakati wa chakula, na kwamba familia yake haina fedha kama za wenzake. Anakosea. Anamwumiza mdogo wake kwa hasira. Humo pia mwandishi hamfichi mtoto anapokuwa mbaya.

Lancaster hadi Dadaab

Kitabu kilichoufanya umaarufu wake uvuke mipaka ya shule za Marekani kilianza kwa kazi ya kujitolea. Jamieson alikuwa amehamia Pennsylvania, na alikuwa akijitolea kuwasaidia wakimbizi waliowasili mji wa Lancaster, mji wenye historia ndefu ya kuwapokea watu wa namna hiyo. Huko alikutana na Omar Mohamed, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika linalowahudumia wakimbizi. Omar mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alitoka kusini mwa Somalia akiwa mtoto mdogo wa miaka minne hivi, baba yake alipouawa katika vita na yeye na mdogo wake Hassan wakatenganishwa na mama yao. Waliishi Dadaab takriban miaka 15, kisha mwaka 2009 wakapewa makao mapya Marekani, mjini Tucson, Arizona. Omar alisomea Chuo Kikuu cha Arizona na baadaye akaanzisha shirika la Refugee Strong, ambalo hupeleka vifaa vya masomo kwa wanafunzi wa Dadaab.

Omar alikuwa na nia ya kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya watu wazima. Jamieson alimpa wazo la kuzifanya riwaya ya katuni ya watoto. Omar akasimulia, Jamieson akaandika na kuchora, na Iman Geddy akapaka rangi. Jina la Omar limewekwa kwenye jalada kama mwandishi mwenza. Hilo ni jambo kubwa. Vitabu vingi vilivyoandikwa kuhusu Afrika kwa ajili ya watoto wa nchi tajiri vimemtaja Mwafrika katika ukurasa wa shukrani tu, au havikumtaja kabisa.

Ili kukielewa kitabu, ni vyema kuikumbuka kambi yenyewe. Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 na 1992, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na mamia ya maelfu ya Wasomali wakavuka mpaka kuingia Kenya. Kambi tatu za mwanzo, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu wapatao 90,000 kwa jumla, na zilikusudiwa kuwa za muda. Ukame na njaa ya mwaka 2011 vilipopita, idadi ya wakazi ilizidi 400,000, na kwa kipindi fulani Dadaab ilikuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Wakati wa Omar kambi ilikuwa na watoto waliozaliwa, wakakua na wakaoa humo humo bila kuvuka mpaka wake, kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali.

Katika mazingira hayo Omar alikuwa na mzigo wa pekee. Mdogo wake Hassan hakuwa akisema, isipokuwa neno moja, hooyo, ambalo kwa Kisomali ni mama. Alikuwa pia akipatwa na kifafa. Mwanamke mzee, Fatuma, jirani aliyepoteza wanawe vitani, aliwachukua wawili hao kama watoto wake. Hadithi inapoanza Omar ni mvulana asiyesoma. Si kwamba shule haipo. Hawezi kumwacha Hassan. Kiongozi wa jamii anamwambia kwamba nafasi imepatikana. Uamuzi wa Omar ndio kiini cha sehemu ya kwanza ya kitabu: je, akisoma, nani atamtunza Hassan? Na asiposoma, nani atawatoa wote wawili hapo?

Msomaji wa Kenya ataitambua shule hiyo mara moja. Shule za Dadaab hufuata mtaala wetu. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko madawati, na walio wengi ni wavulana. Kisha unakuja mtihani wa darasa la nane, KCPE, ambao kwa mtoto wa kambini ulikuwa na uzito kuliko kwa mtoto wa mjini. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na anayeshindwa hakuwa na shamba la kurudi wala mjomba wa kumtafutia kazi. Mtihani huo ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa hiyo kitabu hiki sasa kimekuwa pia kumbukumbu ya hofu moja iliyowaunganisha watoto wa Kenya nzima kwa takriban miongo minne.

Pamoja na Omar wanasoma wasichana wawili wenye akili sana, Nimo na Maryam. Mmoja anaozwa mapema na masomo yake yanaishia hapo. Mwingine anafanikiwa kwenda kusoma Canada. Kitabu hakitoi hotuba juu ya ndoa za mapema. Kinamwonyesha tu Omar, aliyekuwa akijihurumia kwa kumtunza mdogo wake, akianza kutambua kwamba wasichana hao huchota maji, hupika, huosha vyombo, na ndipo huketi kusoma usiku. Mambo mengine ya kambini nayo yamo: foleni ya maji alfajiri, mgao wa chakula unaokwisha kabla ya siku ya mgao unaofuata, mpira wa karatasi za plastiki, baba wa rafiki yake aliyezama katika miraa.

Halafu kuna kungoja. Mkimbizi anayetaka kupelekwa nchi nyingine huanza kwa kutumaini kwamba jina lake litaitwa na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Likiitwa, anahojiwa. Anasimulia upya namna watu wake walivyouawa, mbele ya mgeni anayeandika. Kisha anaambiwa angoje. Baadaye huja mahojiano mengine ya maafisa wa nchi inayopokea, uchunguzi wa usalama, vipimo vya afya, mafunzo ya maisha ya ugenini. Hatua hizo huweza kuchukua miaka, na katika hatua yoyote faili huweza kukwama pasipo maelezo. Omar na Hassan walipita humo wakiwa watoto. Baina ya mahojiano na mahojiano, Omar alilazimika kuendelea kusoma kana kwamba hakuna kinachongojwa, jambo ambalo hata mtu mzima hulishindwa.

Kile ambacho picha ziliweza

Yafaa kuuliza kama kisa hiki kingefaa zaidi kwa maandishi matupu, kama Omar alivyofikiri mwanzoni. Jibu lipo kwa Hassan. Katika riwaya ya kawaida, mhusika asiyesema hutoweka kila mara masimulizi yanapoelekea kwa wasemao. Mwandishi hulazimika kumkumbuka na kumtaja, na msomaji huchoka kutajiwa. Katika katuni Hassan yupo. Omar anapozungumza na Fatuma, Hassan yu pembeni ya kisanduku akimkumbatia mbuzi au akitabasamu. Hana kiputo cha maneno, ila ana uso, ana mikono, ana njia yake ya kumvuta kaka yake. Anapokasirika tunaona. Anapopatwa na kifafa tunaona hofu ya walio karibu, na tunaona kwamba majirani wanajua la kufanya. Mtoto mwenye ulemavu amepewa nafasi sawa na wengine kwenye ukurasa, na hakuhitaji kufanya jambo la ajabu ili aistahili.

Uchoraji wa Jamieson ni wa mistari safi na nyuso sahili. Wako watakaosema kwamba mtindo huo ni laini kupita kiasi kwa habari za vita na njaa. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Vurugu za Somalia zimechorwa kwa uangalifu mkubwa, na mengi ya kutisha yameachwa nje ya kisanduku. Lakini msomaji aliyekusudiwa ana miaka tisa au kumi, na mwalimu anayetaka kukisoma darasani hana budi kuweza kukimaliza. Rangi za Geddy zinaufidia ulaini huo: hudhurungi ya vumbi mchana, na usiku samawati nzito ambayo ndani yake ndugu wawili huonekana wadogo sana chini ya nyota. Msomaji Mwislamu atakumbuka papo hapo, kwa jina la kitabu pekee, aya za mwanzo za Surat Al-Infitar.

Swali la nani ana haki ya kusimulia kisa cha nani limejadiliwa sana katika fasihi ya watoto ya Marekani kwa miaka ya karibuni. Jamieson ni mwanamke mzungu asiyewahi kuwa mkimbizi. Njia aliyoichagua haikumaliza mjadala huo, lakini iliweka kigezo: kisa ni cha Omar, sauti ni ya Omar, na mchoraji ameuleta ujuzi wake. Ukilinganisha All's Faire na kitabu hiki, utaona pia kwamba hakuubadili mkono wake kwa kuwa mahali ni Afrika. Omar ana wivu, anakasirika, anachoka na Hassan kisha anajuta, kama Imogene alivyomkasirikia mdogo wake. Hakufanywa malaika wa mateso. Watoto wa Dadaab wamechorwa wakicheka, wakitaniana na kugombana kwa sababu ya mpira, kwa kuwa ndivyo watoto walivyo.

Mapokezi

When Stars Are Scattered kilitoka Aprili 2020, shule na maktaba nyingi duniani zikiwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Wakati huo pia milango ya Marekani kwa wakimbizi ilikuwa imepunguzwa mno. Amri ya Rais ya Januari 2017 ilikuwa imewazuia raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo, na kwa mwaka wa fedha wa 2020 kiwango cha juu cha wakimbizi wa kupokelewa kiliwekwa 18,000. Nchini Kenya, tangazo la mwaka 2016 la kuifunga Dadaab lilikuwa limebatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Kitabu hakijadili amri hizo. Kisa chake kinakoma mwaka 2009, wakati jina la Omar na la Hassan yalipokuwa bado yanaweza kupita.

Mwaka huo wa 2020 kitabu kilifika fainali ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani katika kundi la fasihi ya vijana. Mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Walter Dean Myers kwa wasomaji wadogo, inayotolewa kwa vitabu vinavyopanua wigo wa watoto wanaoonekana katika fasihi. Kimetumiwa na walimu kufundisha juu ya wakimbizi katika madarasa ambamo, mara nyingine, mwanafunzi mmoja au wawili wametoka Dadaab au Kakuma.

Nchini, hali ya kisheria imebadilika tangu Omar aondoke. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilichukua mahali pa ile ya 2006, na mwezi Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi yenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji. Ifo, Dagahaley na Hagadera bado zina watu, na shule zake bado zina watoto ambao hawajaijua nchi nyingine.

Kurasa za mwisho za kitabu si za katuni. Humo waandishi wanaeleza yaliyowapata ndugu hao baadaye, na ziko picha zao halisi. Miaka mingi baada ya kuondoka, Omar alipata habari kwamba mwanamke mmoja alikuwa amefika Dadaab akiwatafuta wanawe wawili. Alikuwa mama yao. Neno moja ambalo Hassan alikuwa akilisema muda wote huo lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa hai.